Sheria ya kusumbuana mtandaoni ikipanuliwa nani analipa? Majibu ya maswali mnayoniuliza kila siku

Kila wiki naprinti matusi ya watu. Nina steshenari hapa mjini Dar es Salaam, mtaa wa pili ukitoka mahakamani, kompyuta mbili, printa ya rangi na fotokopi moja ya kizee ambayo siku za mvua inatafuna karatasi. Mtu anaingia, anageuka kuangalia nyuma, afu anainamia kaunta ananinong'oneza "kaka naomba unitolee hizi meseji za WhatsApp", basi nishajua. Na kila zikisikika habari kwamba sheria ya kusumbua watu mtandaoni ipanuliwe, iongezwe makali, watu wanakuja na maswali yaleyale. Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku nachomoa karatasi kwenye mashine, nimeyaandika hapa.

Kwanza wewe ni wakili?

Hapana, mi nachapa tu. Ila hati za kiapo, barua za malalamiko na nakala za hati za mashtaka zinapita kwenye hii kompyuta, na ukichapa kifungu kilekile mara mia hata kama hukutaka kitakuganda. Ukiwa na kesi yako tafuta wakili, na kama mfuko haurusu tafuta msaidizi wa kisheria, wanatambulika tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mimi naongelea gharama, hiyo naiona kwa macho mana sehemu yake inaingia kwenye droo yangu. Kwa hiyo nikisema sheria isipanuliwe ujue naongea kinyume na tumbo langu.

Kwani sasaivi kumsumbua mtu kwenye simu sio kosa?

Ni kosa, tena mara mbili. Hapa ndo wengi hawajui na ndo mana wanadai sheria mpya.

Ya kwanza ni ile Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 118. Ukituma kitu kichafu, cha uongo, cha kutisha au cha kukera kwa nia ya kumuudhi mtu, kumtukana, kumtishia au kumsumbua, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12 au vyote pamoja, na ukiendelea na kosa kuna 750,000 kwa kila siku. Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ile iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huohuo. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na adhabu ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote.

Sasa soma tena hayo maneno taratibu. Kumuudhi. Kumuumiza kihisia. Hivi nani humu ndani hajawahi kumuudhi mtu kwa meseji? Mimi mke wangu namuudhi kila siku ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo mtu akisema sheria haipo, ipo, na ni pana kama jamvi la msibani. Kinachokosekana sio upana.

Sasa wanaotaka ipanuliwe wanataka nini hasa?

Inategemea umemuuliza nani. Wapo wanaotaka iguse komenti na maneno ya kwenye grupu, sio meseji ya mtu kwa mtu peke yake, yani kumsema mtu pembeni nako iwe kumsumbua. Wengine wanataka aliyefowadi ahesabike sawa na aliyeandika, au admin abebe mzigo wa grupu zima. Na kuna wale ambao dawa yao ya kila kitu ni kuongeza miaka ya jela.

Wakenya walijaribu juzijuzi tu. Sheria yao ya makosa ya kompyuta ya 2018 ilikua tayari na kifungu cha 27 cha usumbufu wa mtandaoni, adhabu inafika shilingi milioni 20 za Kenya au jela miaka 10. Oktoba 15, 2025 Rais Ruto akasaini marekebisho yanayokitanua hicho kifungu kiguse mpaka mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajiue. Nia unaielewa, nani anataka mtu ajiue? Lakini wiki moja baadae, Oktoba 22, Mahakama Kuu Nairobi ikasimamisha yale maneno mapya mpaka kesi isikilizwe. Bunge limekaa, limejadili, limepitisha, sasa mawakili wa serikali wanalipwa kwenda kulitetea. Hiyo nayo ni gharama na hakuna hata mtu mmoja aliyesaidika bado.

Na Wamarekani walishapita hiyo njia zamani. Walikua na sheria ya simu za usumbufu, zile za mtu kukupigia usiku anahema tu hasemi kitu. Januari 2006 Rais Bush akasaini sheria iliyoivuta ile ya simu mpaka kwenye intaneti, ikabeba neno la kuudhi vilevile lilivyo. Watu wakapiga kelele kwamba sasa ukimuudhi mtu mtandaoni bila kutaja jina lako ni jinai ya kitaifa. 2013 bunge lao lenyewe likarudi kulifuta neno kuudhi. Sisi kifungu chetu cha 118 cha 2010 kina maneno yaleyale manne, kuudhi, kutukana, kutishia, kusumbua, na kuudhi bado limekaa pale kama mgeni aliyekataa kuaga.

Gharama gani unayosema? Si kazi ya serikali kuendesha kesi?

Serikali ni wewe unayenunua vocha na kukatwa tozo mkuu. Ngoja nikupitishe kwenye faili moja, nalijua mana kila karatasi yake nimeitoa fotokopi mimi.

Ni kina mama wawili wa kikoba kimoja huko Temeke, yani kile kikundi cha kuweka na kukopeshana hela. Ugomvi ulikua marejesho ya elfu arobaini. Mmoja akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba mwenzie ni mwizi, mwenzie akajibu, yule akajibu jibu, wakaingia na uzazi na ukoo, mpaka saa sita usiku wapo hewani. Asubuhi mmoja akaenda kituoni. Akapewa RB, ile namba ya taarifa yako polisi. Akaambiwa alete ushahidi, ndo akaja kwangu, kurasa 38. Nakumbuka mana kurasa sita zilikua ni za stika tu, na alikataa katakata nizipunguze, alisema stika ya yule nyani ndo iliyomuumiza zaidi.

Kuanzia hapo hesabu mwenyewe. Askari wa kaunta aliyeandika. Mpelelezi aliyepewa jalada, na huyo mezani ana la wizi wa pikipiki na la mtoto aliyepotea. Barua ya kuuliza laini imesajiliwa kwa nani, wakati wote kwenye kikoba wanamjua mwenye laini, hata nyumba yake wanaijua, lakini utaratibu ni utaratibu. Maelezo ya mashahidi wawili wa kikoba. Dhamana, kwa hiyo wadhamini wawili na barua ya mtendaji na vitambulisho, fotokopi hizo zote kwangu. Jalada likaenda kwa mwendesha mashtaka, likarudi, likaenda tena. Kesi ikafunguliwa. Na hapo sasa ndo ukaanza ule wimbo, upelelezi haujakamilika mheshimiwa tunaomba tarehe nyingine.

Ilitajwa mara kumi na moja. Najua kwa sababu kila tarehe yule mshtakiwa alikua anakuja kukaa kwenye benchi langu kusubiri saa tatu ifike, na mara ya nne hivi mlalamikaji nae akaanza kuja kukaa benchi hilohilo mana jua kali na kwingine hakuna kivuli. Mwanzo walikua wanapeana mgongo. Mara ya tisa nikawakuta wanagawana karanga.

Chukua watu sita tu, mlalamikaji, mshtakiwa, wadhamini wawili, mashahidi wawili. Siku kumi na moja. Nauli, chakula na kibarua ulichokiacha tuseme elfu kumi kwa mtu kwa siku, najua wengine ni zaidi. Hiyo ni 660,000. Ugomvi wa elfu arobaini. Na hapo sijagusa hakimu, karani, mwendesha mashtaka, mpelelezi, umeme wa mahakama, wala yule mtu mwenye kesi ya nyumba yake kuuzwa kinyemela ambaye alikua nyuma yao kwenye foleni na kila siku anaambiwa muda umeisha rudi tarehe fulani. Huyo ndo analipa kuliko wote na hata hajui analipia stika ya nyani.

Waliisha vipi? Mwenyekiti wa kikoba aliwaita wakasuluhishwa, mlalamikaji akaomba kesi iondolewe. Mwenyekiti hakulipwa hata soda.

Simu yangu ikichukuliwa kituoni inarudi lini?

Ukipata mtu wa kukujibu hilo nami nijulishe.

Simu ni kielelezo. Ukishtakiwa wanaichukua, na mara nyingine hata mlalamikaji anaiacha ili meseji zitolewe. Inazimwa, inawekwa kwenye bahasha ya kaki, nje wanaandika namba ya jalada kwa kalamu, basi. Watunga sheria wakisikia simu wanafikiria kifaa cha kuongelea, lakini kwa mtu wa kawaida wa Dar simu ndo duka, ndo benki, ndo daftari la wateja. Kuna kijana alikua anauza viatu Kariakoo, mtumba wa kuchagua, wateja wake wote wapo kwenye status. Aliandika maneno makali kwa jamaa aliyemtapeli mzigo, jamaa akamuwahi kushitaki. Simu ikaingia kwenye bahasha. Laini alirudishiwa kwa kurinyu, hilo ni la siku moja, ila picha, oda, nani anadaiwa ngapi, vyote vilibaki mule. Alikuja kwangu kuandika barua ya kuomba simu yake mara tatu. Barua ya kwanza nilimtoza, ya pili nusu bei, ya tatu nikaona aibu.

Miezi saba. Aliporudishiwa betri ilikua imevimba mpaka kioo kimenyanyuka pembeni.

Hakuwahi kutiwa hatiani. Ndo ninachosema kila siku, kwenye hizi kesi adhabu inaanza kabla ya hukumu, na ukipanua kosa unapanua idadi ya simu zinazoweza kuingia kwenye bahasha.

Lakini faini si inarudisha hizo gharama?

Piga hesabu. Milioni 5 ndo ya chini, hakimu hata akikuonea huruma sheria haimpi mlango wa kushuka. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 toka 370,000 hadi 500,000. Kwa hiyo hata huyo mwenye ajira ni miezi kumi bila kula wala kupanda daladala. Muuza viatu je? Hatalipa, ataenda jela, na huko ndo serikali inaanza kumlisha yeye, kumlinda na kumtibu. Faini kubwa isiyolipika haiingizi hela, inageuka matumizi.

Sheria nyingi zinaweka dari, yani isizidi kiasi fulani. Hii yetu imeweka sakafu. Hicho kitu kinanishangaza mpaka leo.

Skrinishoti yangu si inatosha?

Peke yake inaweza isitoshe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie ule ushahidi umetengenezwaje, umetunzwaje, haujachezewa, na aliyeutuma ametambulika vipi. Mana yake mtu aape, mtu aeleze simu ni ipi, nani aliipiga picha, nani aliprinti. Mara mbili nimeulizwa kama naweza kwenda kueleza kwamba ni mimi niliyeprinti. Nikienda duka limefungwa siku nzima. Hiyo nayo andika kwenye gharama.

Afu kuna laini. Zote zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole, mwisho ulikua Januari 20, 2020, tukapanga foleni jua la utosi. Lakini bado unakuta laini imesajiliwa kwa kidole cha bibi wa watu ambaye alibonyeza mara mbili akiambiwa ya kwanza haijasoma. Polisi wakifuata namba wanamfikia bibi. Piga *106# sasaivi uone ni laini ngapi zipo kwa jina lako, wengine mtashtuka.

Mbona Uingereza na wengine wanazo hizo sheria na hawalalamiki?

Nani kakwambia hawalalamiki. Uingereza wana kifungu cha 127 cha sheria yao ya mawasiliano ya 2003. Januari 2010 jamaa mmoja anaitwa Paul Chambers aliona uwanja wa ndege wa Robin Hood umefungwa kwa theluji na ana safari, akaandika Twitter kwa utani kwamba wasipojiweka sawa ataulipua. Uwanja wenyewe hawakuona kama ni tishio la maana. Akakamatwa, akapigwa faini pauni 385 na gharama 600, kazi ikaota mbawa, akakata rufaa ikagonga mwamba, akakata tena, na Julai 2012 Mahakama Kuu ikafuta ile hukumu. Miaka miwili na nusu, majaji wa ngazi tatu, kwa sentensi moja ya utani.

India walikua na kifungu cha 66A cha sheria yao ya teknolojia ya habari, ukituma kitu cha kukera jela mpaka miaka 3. Mahakama yao ya juu ilikifuta chote Machi 24, 2015. Sasa sikia hii. 2021 mahakama hiyohiyo ilistuka kuambiwa kwamba polisi bado wanafungua kesi kwa kifungu kilekile, miaka sita baada ya kufutwa. Kwa hiyo sheria pana hata ukiifuta inaendelea kula hela, ni kama mchwa, unapiga rangi juu huku ndani wanatafuna.

Hapa jirani, Uganda. Mwanaharakati Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 Agosti 2019 kwa usumbufu wa mtandaoni baada ya kumuandikia Rais Museveni shairi la kumkera kwenye Facebook. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu, wakati huo alishakaa ndani zaidi ya mwaka. Na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuta kabisa kifungu cha 25 cha sheria yao ya makosa ya kompyuta, kile cha mawasiliano ya kukera. Kenya nao, Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano kwa sababu maneno yake hayaeleweki mipaka. Kwa hiyo Waganda, Wakenya na Wahindi wameshalipa karo ya hilo somo, sisi tunaweza kulisoma bure.

Sheria hizi nani anazikimbilia kwanza?

Mwenye nguvu. Sio siri. Juni 2016 huko Arusha mtu mmoja alihukumiwa faini ya milioni 7 au jela miaka 3 kwa maneno aliyoandika Facebook kumhusu Rais Magufuli. Maxence Melo wa mtandao wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, kesi zikaanza pale mahakama ya Kisutu, moja ya hukumu, ya kuzuia upelelezi, ilitoka Aprili 2020, faini milioni 3 au jela mwaka mmoja. Zaidi ya miaka mitatu ya tarehe. Sheria ni ileile ya 2015, ile ambayo wakati inapitishwa tuliambiwa itamlinda dada ambaye picha zake za uchi zinasambazwa.

Yule dada nae ninamprintia. Yeye akifika kituoni anaulizwa "kwani zile picha ulimpa wewe mwenyewe?"

Kwa hiyo wewe unatetea watukanaji?

Hili swali naulizwa kwa hasira kila mara na ni haki yenu.

Hapana. Nimeona vitu kwenye hiyo printa ambavyo sitasahau. Kuna dada alikopa elfu themanini kwenye app ya mikopo ya simu, zile tunaziita kausha damu. Akachelewa siku mbili. Wale watu wakaingia kwenye orodha yake ya namba, wakamtumia bosi wake, mwalimu wa mwanae na mama mkwe wake, picha ya kitambulisho chake na maneno HUYU NI TAPELI kwa herufi kubwa. Kila siku namba mpya. Mama mkwe ndo aliyemfowadia. Alivyokua anachagua za kuprinti mkono ulikua unatetemeka mpaka akaniambia kaka chagua wewe.

Huyo anasumbuliwa kweli. Anatishwa, anadhalilishwa, tena kwa kurudiarudia na kwa makusudi. Kifungu cha 23 kinamfaa kama glavu, hakihitaji kupanuliwa hata neno moja. Alienda kituoni, akaambiwa hayo ni madai dada, lipa deni.

Nini kilimsaidia? Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya app 69 za mikopo zinazoendeshwa bila leseni, ikazipiga marufuku. Tangazo moja, hakuna aliyewekwa mahabusu, hakuna simu ya muuza viatu kwenye bahasha. Hazikuisha zote, wajanja wanabadilisha jina wanarudi, lakini dada alipumua. Na taarifa binafsi sasa zina sheria yake ya 2022 na tume yake, ukiona mtu ameingia kwenye namba zako bila ruhusa unalalamika kule.

Ndo mana ninapingana na kupanua. Kila kesi mpya ya stika ya nyani inakaa mbele ya faili la huyu dada, mezani ni palepale, mpelelezi ni yuleyule, siku ina masaa yaleyale.

Admin wa grupu atafungwa kwa meseji za wengine?

Kwa kifungu cha 23 aliyetuma ndo mwenye mzigo. Ila kama umeambiwa ufute ukakaa kimya, au uliweka kicheko chini ya tusi, usije kwangu kuuliza, nenda kwa wakili. Mi mwenyewe nilijitoa u-admin wa grupu la mtaa, ukitaka amani fanya hivo.

Ungekua mbunge ungefanyaje?

Ningefuta neno kuudhi kama Wamarekani walivofanya, hilo la kwanza na linachukua mchana mmoja. Ningebakiza vitisho, kumuandama mtu baada ya kuambiwa acha, na kusambaza picha za siri. Faini ningeiwekea dari niondoe sakafu, hakimu apime mwenyewe. Tusi la mara moja kati ya watu wanaojuana lisianzie polisi, lianzie kwa mwenyekiti wa mtaa au wazee wa pande mbili, na anayeona jina lake limechafuliwa afungue madai alipe ada yake mwenyewe, utaona hasira zinavyopungua mtu akiambiwa alipie. Na simu ya mtu ichukuliwe kwa siku zinazojulikana, vitu vitolewe, arudishiwe. Hela itakayookolewa wapewe Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo waongeze watu.

Najua, najua. Sitagombea.

Mimi nasumbuliwa leo hii, nianzie wapi?

Usifute kitu. Watu wengi wanafuta kwa hasira afu wanakuja kwangu na "ujumbe huu umefutwa" kurasa kumi. Usimjibu kwa matusi mana na ya kwako yataprintiwa. Piga skrinishoti ambayo namba inaonekana, sio jina ulilomsevu, mana mimi naprinti meseji za mtu anaitwa "Shetani Usipokee" na mahakama haimjui huyo. Tarehe na saa zionekane. Muandikie mara moja kwa adabu kwamba usinitumie tena, hiyo inasaidia kuonyesha aliendelea kwa makusudi. Kama ni meseji za utapeli, zile za ile hela tuma kwenye namba hii, zirushe kwenda 15040. Kama ni vitisho vya kukudhuru au picha zako, nenda kituoni ukaombe Dawati la Jinsia, nenda na mtu, chukua RB na uandike namba ya mpelelezi. Kama ni stika, kunywa maji kwanza.

Kuprinti ni shingapi?

Nyeusi 200, ya rangi 500. Kuchapa barua 2,000, ya kuomba simu bure. Zikizidi kurasa mia tunaongea. Njoo na chaji kwenye simu, soketi yangu ya kaunta imekufa tangu Ijumaa.